Walimtunuku "Timu Nzima" Mbele ya Umati... Na Mimi Nimebeba Viti!

Majina yangu yote matatu yalitajwa kwenye spika... na mwanamke mwingine akasimama!

Tena akasimama vizuri tu. Akaweka gauni lake sawa, akaanza kutembea kuelekea jukwaani huku watu wanampigia makofi.

Mimi nilikuwa nyuma kabisa, karibu na vyoo, nimebeba viti kumi vya plastiki vilivyopandana.

Sikuvidondosha. Najua kwenye simulizi kama hizi mtu angedondosha. Mimi nilivishika tu.

Jina langu, la baba, na la babu. Sitayaandika hapa, mniwie radhi. Ila ndugu zangu, hakuna binadamu mwingine mwenye mpangilio ule. Jina la babu hata karani wa shule alikuwa analikosea kila muhula.

MC hakulikosea.

"Mabibi na mabwana... huyu dada, shule nzima ilimwita TIMU NZIMAAA!"

Makofi! Vigelegele!

Na mimi, Timu Nzima mwenyewe, nikasikia sauti ya bosi wangu mgongoni:

"Wewe! Unaota ndoto mchana? Viti vinasubiriwa huko mbele!"

Bosi wetu ni mama mmoja mfupi, lakini sauti yake ni king'ora cha zimamoto. Nikaenda.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, tuende sawa.

Nina miaka arobaini na moja. Nafanya kazi kwenye kampuni ya kukodisha viti na maturubai, huu mwaka wa tisa. Harusi, misiba, mikutano... sisi tunafika kabla ya wote na tunaondoka baada ya wote. Siku hiyo tulikodiwa na shule niliyosoma. Ilikuwa inatimiza miaka arobaini. Nilijua tunaenda wapi. Sikujua kuna watu watatunukiwa.

Zamani nilikuwa mtu mwingine.

Nilikimbia mita mia nne. Nilikuwa nahodha wa netiboli. Nilicheza voliboli. Nilirusha mkuki. Kuna siku nilikimbia asubuhi, nikacheza fainali ya netiboli saa saba jua la utosi, halafu nikaenda kurusha mkuki na jezi ileile, imelowa jasho mpaka inanuka chumvi.

Lile jina la utani alinipa mwalimu wetu wa michezo. Shule pinzani walikuja na basi zima, wamejaa mpaka mlangoni. Sisi tulikuja na pikapu ya kuazima. Mwalimu wao akauliza kwa dharau:

"Sasa wenzetu, timu yenu iko wapi?"

Mwalimu wetu akaninyooshea kidole.

"Timu nzima ile pale. Inakunywa maji."

Wakacheka weee! Jioni hawakucheka.

Nilikuwa na rafiki. Dawati moja, mtaa mmoja, kati ya nyumba yao na yetu ni uchochoro tu. Yeye alikuwa mchezaji wa akiba wa netiboli. Miaka mitatu hakuingizwa uwanjani hata robo moja ya mchezo. Tukamwita Benchi. Akaitikia. Alinibebea maji, alinishikia sweta, alinifunga bandeji. Nikifunga bao yeye ndiye anayeruka juu kuliko wote.

Tulipomaliza kidato cha nne, mwalimu aliniambia kuna chuo cha walimu wa michezo kinachotafuta mabinti kama mimi. Ameshapeleka jina.

"Barua yako itakuja," alisema. "Wewe subiri tu."

Nikasubiri.

Mwezi uleule baba akapooza upande mmoja.

Nikasubiri huku namgeuza baba kitandani. Alikuwa mtu mzito. Mama hakumuweza, wadogo zangu walikuwa bado watoto. Mikono iliyokuwa inarusha mkuki ndiyo iliyombeba baba kwenda bafuni na kumrudisha. Miaka saba. Mpaka Mungu alipomchukua.

Barua haikuja.

Benchi naye aliondoka. Tukaambiwa amepata kazi mbali. Baadaye kwao wakahama, nikasema basi, ndiyo dunia, watu wanatawanyika.

Sasa mmeshajua ni nani aliyekuwa anapanda jukwaani na majina yangu.

Nilimtambua kwa mgongo. Amenenepa, anavaa miwani, ameweka rasta ndefu. Lakini mtu uliyekimbia naye mazoezini miaka minne, mgongo wake unaujua.

MC akaanza kusoma karatasi.

"Rekodi ya mita mia nne, haijavunjwa mpaka leo! Makombe matatu ya netiboli mfululizo! Mkuki, mita thelathini na nane na nusu!"

Ilikuwa thelathini na nane na robo tatu. Ndicho kitu pekee nilichokiwaza. Robo tatu, siyo nusu.

Mnaijua ile sindano ya ganzi ya jino? Daktari anagonga, anavuta, unasikia kabisa kwamba kuna kitu kinang'olewa... ila maumivu huyaoni. Ndivyo nilivyokuwa.

Mara MC akageuka huku na huku.

"Jamani, shujaa wetu hana kiti! Wageni wamezidi. Tunaomba kiti kimoja hapa!"

Bosi akanisukuma begani.

"Peleka! Kimbia basi!"

Sikukimbia. Nilitembea katikati ya watu na kiti kimoja mkononi. Nikapanda ngazi tatu za jukwaa. Nikakiweka nyuma yake. Nikatoa kitambaa mfukoni nikakifuta, maana ndivyo tulivyofundishwa kazini.

Benchi akageuka kusema asante.

Asante ikakwama!

Miwani ikamteleza puani.

"Ti..."

"Kaa," nikamwambia. "Kiti kiko imara."

"Timu... ni wewe?"

"Kaa. Watu wanakuangalia."

Akakaa. Kwenye mapaja yake kulikuwa na ngao ya mbao yenye bamba la shaba, na jina langu limechongwa pale kwa herufi kubwa. Nililisoma nikiwa nimeinama. Wamelipatia, hata la babu.

Nikashuka.

Najua mnachotaka kuniuliza. Kwa nini hukupiga kelele? Kwa nini hukumkwida pale pale?

Ndugu zangu, nilikuwa nimevaa fulana iliyoandikwa VITI NA MATURUBAI mgongoni. Yeye ameshika ngao, amekaa na wakubwa. Nani angeniamini? Mwalimu wetu wa michezo alishafariki, na tuliosoma nao sikuwaona pale. Wangesema mfanyakazi wa viti amepandwa na wazimu, na bosi angekuwa wa kwanza kunitoa nje.

Na pia... sikusikia kitu. Huo ndio ukweli. Nilitafuta hasira ndani yangu kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba. Sikuiona.

MC akampa maiki.

"Dada, hebu waambie mabinti zetu siri ya mafanikio!"

Benchi akasimama. Spika ikapiga mluzi.

"Mimi... nashukuru. Kuna mtu ambaye..." Akanitafuta kwa macho. "Asanteni."

Akakaa. Watu wakapiga makofi wakidhani ni unyenyekevu.

Nusu saa baadaye nilikuwa nyuma ya stoo ya michezo, nafunga kwa kamba viti vilivyoachwa na wageni walioanza kuondoka. Nikasikia hatua. Sikugeuka.

"Nipige," akasema.

"Sipigi mtu. Nina viti mia tatu vya kufunga."

"Timu, sikutaka kuja leo. Nakuapia! Ofisi ya elimu walipekua kumbukumbu za shule, wakalikuta jina lilelile kwenye orodha ya walimu. Wakanipigia kunipongeza. Nikasema naumwa. Wakatuma gari mpaka mlangoni!"

"Kwa hiyo wewe ni mwalimu."

"Wa michezo. Miaka ishirini sasa."

"Kwa jina langu."

"Kwa jina lako." Sauti yake ikaanza kupasuka. "Kazini naitika wewe. Benki naitika wewe. Mume wangu ananiita jina lako, Timu! Nyumbani kwangu mwenyewe! Mtu anayenijua mimi ni mama yangu peke yake, na siku hizi anasahau."

Alikuwa analia. Mimi niliendelea kuvuta kamba. Fundo halikukaza, nikalifungua nikaanza upya.

"Barua yangu uliipataje?"

Akafuta miwani kwa gauni, akaivaa.

"Nitarudi kwenye maiki sasa hivi," akasema. "Watu bado wapo. Nitasema yote, liwalo na liwe, wanifunge. Ila nikisema yote... itabidi nimtaje na aliyenipa."

"Mwalimu?"

"Mwalimu alinipa nikuletee. Na nikaileta! Siku ileile, hata kwetu sijaingia. Wewe ulikuwa umeenda kufuata dawa za baba."

"Ukampa nani?"

Akaanza kukunja pindo la gauni lake.

"Benchi. Ukampa nani?"

"Mama yako."

Kamba ikanitoka mkononi.

"Hakuwa na miwani, akaniambia nimsomee. Nikamsomea. Akaniambia nirudie, nikarudia. Halafu akaingia ndani, akatoka na cheti chako. Enzi zile vyeti havikuwa na picha. Akanishika mkono akasema, 'Huyu hawezi kuondoka. Nenda wewe.'"

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu mimi kilikuwa kwenye mbeleko!

Kule mbele MC akaanza tena: "Timu Nzima! Tunamwomba Timu Nzima aje tupige picha ya pamoja!"

Tuligeuka wote wawili.

"Niende niseme?" Benchi akauliza. "Sema neno moja tu, naenda."

Nilichungulia kwenye kona ya stoo. Chini ya turubai la pili walikaa wanawake wa kikundi cha akina mama cha mtaani kwetu, walioalikwa, wamevaa sare. Mama yangu ni katibu wao, mwaka wa kumi na nne. Mtaa mzima wakigombana, mke na mume, jirani na jirani, wanapelekwa kwa mama, kwa sababu mama hadanganyi. Ndivyo wanavyosema. "Muulize bibi katibu, yule hana konakona."

Neno moja tu, na jina langu lingerudi. Neno lilelile lingemvua mama nguo mbele ya watu.

"Kapige picha," nikamwambia Benchi.

"Timu..."

"Nenda."

Nikamaliza viti mia tatu. Hakuna hata kimoja kilichopungua.

Nilifika nyumbani jua halijazama. Mama alikuwa barazani, anachambua mchele kwenye ungo, miguu ameinyoosha kwa sababu ya magoti.

"Umerudi mama yangu? Pole na kazi." Mama huwa ananiita mama yangu, nina jina la mama yake. "Sherehe ilikuwaje?"

"Nzuri. Wamemtunuku Timu Nzima."

Vidole vyake vikasimama kwenye mchele.

"Wamekutunuku?"

"Wamemtunuku Benchi."

Nikakaa kwenye ngazi. Sikuuliza chochote. Nilikuwa nimechoka hata kuuliza.

Mama akaweka ungo chini taratibu, kama vile umejaa maji.

"Amekwambia," akasema.

"Amenambia."

Nilitegemea akatae. Nilitegemea aseme huyo binti ni mwongo, ana wivu tangu utotoni. Nadhani nilitaka akatae.

"Ni kweli," mama akasema.

"Na cheti? Uliniambia kililowa paa lilipovuja."

"Paa lilivuja kweli. Cheti hakikuwemo."

Kuku wa jirani wakapita. Mama akawafukuza kwa mkono, mazoea tu.

"Baba yako alikuwa kama gogo," akasema. "Mimi simwezi. Wadogo zako ndio wale, hata ndoo hawawezi. Ungeondoka, nani angemnyanyua? Ningemwacha aoze kitandani? Nikajisemea, atakasirika mwezi mmoja, atasahau. Mtoto mwenye nguvu vile atapata lingine."

"Ungeificha basi. Ungeichoma. Kwa nini umpe mtu?"

Hapo ndipo mama alipolia. Kidogo tu, bila sauti.

"Ilikuwa barua nzuri mno, mama yangu. Kuichoma niliona dhambi. Nikasema angalau aende mtoto wa mtu."

Jamani.

Nilisimama, nikaingia ndani, nikawasha jiko. Nikapika mchele uleule. Nikamchemshia mama maji ya kukanda magoti, nikamkanda, kwanza la kulia kisha la kushoto, kama kila siku. Sikumchukia. Sikumhurumia. Nilikuwa nakanda magoti tu.

Jumapili ikapita hivyo hivyo.

Jumatatu asubuhi nilimkuta mama ameshavaa. Gauni la kanisani, fimbo mkononi.

"Kliniki ni Alhamisi, mama."

"Siendi kliniki. Nipeleke shuleni kwenu."

"Kufanya nini?"

"Wewe nipeleke. Mimi nina mdomo wangu."

Mkuu wa shule ni kijana, hata miaka arobaini hajafika. Alinikumbuka kwa viti.

"Dada wa maturubai! Kuna kitu mmesahau?"

Mama hakusubiri kukaribishwa kiti.

"Mwanangu, chukua kalamu uandike," akasema. "Timu Nzima ni huyu hapa. Yule mliyempa ngao juzi alitumia barua na cheti cha huyu. Na aliyempa ni mimi. Huyu hakujua, nilimwambia cheti kimelowa. Mwizi ni mimi, mama mzazi."

Mkuu wa shule akaniangalia. Akamwangalia mama. Kalamu imemganda mkononi.

"Mama... unaelewa unachokisema? Hili jambo itabidi nilipeleke juu. Litajulikana mpaka mtaani."

"Lipeleke. Kwenye kikundi nimeshasema jana. Nimewarudishia daftari lao."

Sikujua! Jana yake, wakati mimi naanua nguo, mama alikwenda kwenye kikao kwa magoti yale, akasimama mbele ya wanawake wote, akasema. Hakuniambia. Alikwenda peke yake, akarudi peke yake, akala, akalala.

Nilitegemea nilie pale ofisini. Sikulia. Nilimshika mama mkono tukashuka ngazi, moja moja.

Benchi naye hakusubiri kufuatwa. Wiki ileile aliandika barua kwa mwajiri wake akakiri yote. Amesimamishwa kazi, uchunguzi unaendelea. Niliitwa kutoa maelezo, nikasema kilichotokea, sikuongeza chumvi wala kupunguza. Afisa akaniuliza:

"Unataka afungwe?"

"Hilo ni lenu. Mimi nataka jina langu."

Ngao nimeletewa. Mkuu wa shule alitaka kuandaa sherehe nyingine, nikamkatalia. Maturubai nimeyaona ya kutosha. Nikamwomba kitu kingine: anipe mabinti, Jumamosi saa tisa, na mikuki hata kama ni ya mianzi. Jumamosi ya kwanza walikuja kumi na mmoja. Ya pili, sita. Nilirusha kuwaonyesha, mkuki ukaenda mita kumi na mbili, ukalala ubavu kama mgonjwa. Walicheka mpaka wakakaa chini. Binti mmoja mwembamba hakucheka. Aliuokota, akaniuliza, "Dole gumba linakaa wapi?"

Sasa, nilipoandika kipande cha habari hii kwenye kundi moja, watu mlinijia juu kwenye maoni. Wengine: mfukuze huyo mama! Wengine: mama ni mama, samehe leo leo, utapata laana! Na wote mnauliza swali moja, umemsamehe au hujamsamehe?

Sijui.

Ningekuwa najua ningewaambia. Bado ganzi haijatoka. Kuna siku namwangalia anavyochambua mchele, naona mwanamke aliyekuwa na mume kitandani na watoto wanne, hana wa kumsaidia. Kuna siku naona mtu aliyesomewa barua yangu mara mbili, halafu akaigawa.

Ninachojua ni hiki, na kichukueni kama funzo, hasa nyinyi wazazi. Ukimfungia mtoto mlango kwa sababu unamhitaji, mwambie kwamba ni wewe uliyefunga. Akasirike, alie, akununie mwaka mzima. Mimi ningebaki na baba. Haki ya Mungu ningebaki! Hakuna aliyeniuliza. Nimeishi miaka ishirini na mbili nikiamini sikuchaguliwa, kwamba labda mbio zangu hazikuwa kitu, labda mwalimu alinisifia tu. Kazi ya viti haina aibu. Aibu niliyoibeba ni hiyo nyingine, na haikuwa yangu.

Nawaacha hapa. Alhamisi asubuhi nina ruhusa kazini, bosi amenipa kwa kelele kama kawaida yake. Nampeleka mama kliniki. Kutoka barabarani mpaka mlangoni kuna ngazi nyingi, na peke yake haziwezi.